Kungwi na Binti Ndoo wa Pili

Namwita Kungwi kwa sababu hakuna amwitaye vinginevyo. Jina analo, nami nalijua, lakini ukilitaja mtaani kwetu hapa Nachingwea utaulizwa huyo ni nani na amehamia lini. Yu hai, anakula vizuri, anagomba vizuri zaidi, na akisikia nimeandika habari zake atanidai kuku. Habari ya kuku itakuja.

Kazaliwa wapi na nani, hayo nayapita. Yeye mwenyewe akiulizwa hujibu, "Nimezaliwa siku niliyochezwa. Ya nyuma ni uvumi tu." Kwetu huku maneno hayo si mzaha. Binti akipelekwa unyagoni, akafundwa, akatoka, tunasema amechezwa, na anatoka na jina jipya. Lile la utotoni limekwisha. Ukimwita kwa lile la zamani umemtukana mbele za watu, na faini yake ni kuku. Mimi pia yeye ndiye aliyenicheza, na jina ninaloitwa mpaka leo alinipa yeye. Yanayofanyika ndani siyasemi. Kila habari hizi zitakapofika mlangoni pa unyago nitaruka, na msomaji asijaribu kuchungulia.

Basi mwanamke huyo, ambaye mama zetu walikuwa wakimwona njiani wanarekebisha vilemba, ndiye aliyekuja kuwa mkosoaji mkali wa magemu ya kwenye tivi katika wilaya mbili. Chanzo chake kilikuwa tangazo.

Nina banda la gemu karibu na soko. Lina tivi kubwa, padi mbili za kuchezea, mabenchi, na feni ambayo huzunguka ikijisikia. Wateja wangu wengi ni madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria, na kwa muda mrefu walikuwa wamezama kwenye gemu moja tu. Jina lake la Kizungu ni refu, kwa hiyo tukaliita Binti Ndoo: msichana ana ndoo ya maji kichwani, anapanda mlima kutoka kisimani mpaka kijijini, na dunia nzima inataka kumwaga maji yake. Upepo, mbuzi, wezi, mawe yanayoteleza. La pili lilipotoka nikalitafuta mpaka nikalipata, na binti yangu akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa nje: BINTI NDOO WA PILI AMEFIKA. ANACHEZWA HAPA KILA SIKU.

Kungwi alikuwa anapita kwenda kununua dagaa. Akasoma. Akarudi nyuma akasoma tena. Kisha akaingia bandani na kanga zake mbili na kikapu kitupu.

"Nani anamcheza binti humu?"

"Mimi hapa, Bibi," akajibu dereva mmoja bila kutoa macho kwenye tivi.

"Wewe? Mwanamme?"

"Tunapokezana, Bibi. Ukitaka kaa hapo kwenye benchi, zamu yako itafika."

"Na jana mlimcheza?"

"Jana, juzi, kila siku. Lakini mgumu huyu, Bibi. Hafundishiki."

Sijawahi kukimbia namna ile nikiwa na chupa za soda mikononi. Nilimwahi kabla kikapu hakijatua kwenye kichwa cha mteja, nikamketisha, nikamweleza kwamba binti mwenyewe ni wa kwenye tivi, na kucheza kwenyewe ni kwa vidole tu. Akamkazia macho yule msichana. Katika gemu la pili ameongezeka kimo, anavaa nguo ndefu, anakwenda kwa mwendo wa taratibu.

"Ana jina?"

"La kwanza aliitwa Tiki. Hili la pili anaitwa Tamira."

Kungwi akahesabu kwa vidole. "Alikuwa na jina la kitoto. Akapotea. Akarudi mkubwa, na jina lingine. Halafu unaniambia hajachezwa?"

Nikaitazama tivi upya. Kila gemu lenye sehemu ya pili ukilitazama vizuri ndivyo lilivyo.

"Nani kamcheza?" akauliza.

"Waliotengeneza gemu, huko Ulaya."

"Wamemcheza vizuri?"

Na swali hilo ndilo lililomweka kwenye benchi langu la mbele msimu mzima, kila siku baada ya swala ya alasiri.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kuhusu jina. Tiki amekufa, alisema, na atakayemwita Tamira kwa jina la Tiki atatoa kuku. Madereva walicheka. Kisha dereva mmoja, katika joto la mchezo, akapiga kelele, "Oya, Tiki kaliwa kichwa na mbuzi!" Kungwi akageuka. "Kaliwa nani?" Dereva akajaribu kujitetea kuwa ulimi umeteleza. Jioni yake nilimwona anamleta kuku kwenye mpini wa pikipiki, kichwa chini, wote wawili wamenuna. Baada ya hapo banda langu likawa na uzio wa kuku, na wateja wapya waliotoka Marambo na huko vijijini walidhani nauza na supu.

Tabia zake mbele ya tivi hazikuwa za kawaida. Nyumba za kwenye gemu alizipigia hodi. Alimsimamisha Tamira mlangoni, akasema hodi kwa sauti yake mwenyewe, akasubiri, na akiona kimya alimwondoa. Kuna mahali gemu linataka uingie nyumba ya mtu asiyekuwepo uchukue ufunguo. Mahali hapo tulikaa wiki nzima. Nilimwambia bila ufunguo hatuendi mbele. Akasema basi tutabaki nyuma na heshima zetu. Mwishowe dereva mmoja aliuchukua huo ufunguo wakati Kungwi amekwenda kutawadha, na aliporudi akakuta mlango wazi alisema, "Mnaona? Mwenyewe amerudi." Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Mbuzi wa kwenye gemu aliwaogopa. Huyo ni mtu anayefuga mbuzi, anawashika masikio na kuwaburuta hadharani. Lakini mbuzi wa kwenye tivi akitokea kilimani Kungwi alirusha padi, akanyanyua miguu juu ya benchi, akaita jina la Mungu. Nilimuuliza tofauti iko wapi. "Wangu nawajua tabia," akasema. "Huyu katumwa."

Na yeye, ambaye siri za unyago hazijawahi kumtoka hata chembe, kwa mengine yote alikuwa redio. Ya ndoa yangu aliyatangaza bandani na feni ikizunguka. Nikilalamika alisema kifua chake kina chumba kimoja tu chenye kufuli, vingine ni uwanja.

Lakini nisimcheke bila kumpa haki yake. Jinsi alivyolipima gemu la pili sijasikia mwingine akifanya. Vijana walisema tu "kali" au "bovu" wakamaliza. Kungwi alitaka kwanza aonyeshwe la kwanza. "Siwezi kumsema mwali kabla sijaona alivyokuwa utotoni." Akacheza la kwanza mpaka vidole vikamuuma, akalaani, akarudi kwenye la pili, ndipo akaanza kusema, na alisema kama anavyowasema wali, mabinti anaowafunda: amepata nini, amepoteza nini.

Amepata mvua. Katika la kwanza mvua haikuwepo. Katika la pili inanyesha kweli, mbingu inaiva kwanza, upepo unabadilika, na maji yanaingia ndooni bila kazi. Kungwi aliweza kumsimamisha Tamira mvuani akaweka padi mapajani, asifanye kitu, akitazama tu. Madereva walinung'unika kwamba zamu inaliwa. Mimi sikunung'unika, kwa sababu mwaka huo kwetu mvua zilichelewa, na wote tulikuwa na mashamba yaliyokwisha kulimwa yanangoja.

Amepata majirani. Kila kijiji anachopita kuna mtu anamtuma: niletee kuni, nitafutie mbuzi wangu, mpelekee shangazi yangu dawa. Kungwi aliona hiyo ndiyo dalili ya utu uzima. Madereva walilichukia jambo hilo kuliko yote. "Bibi, hii si ndiyo kazi yetu?" alisema mmoja. "Nashinda juani napelekea watu mizigo, naja kupumzika, na huku napelekea watu mizigo!" Kwa hilo nilikuwa upande wa dereva. Waliotengeneza waliona dunia yao kubwa na tupu, wakaijaza na maagizo.

Amepoteza ukimya. La kwanza hakusema neno, ulimjua kwa mwendo. La pili hanyamazi. Akiona mto anasema naona mto. Kungwi alinitaka nimtafsirie kila kitu, na nilipomtafsiria akasikitika. "Mto si tunauona wote?"

Amepoteza mzee wa getini. Katika la kwanza ukifika juu kulikuwa na mzee, anachungulia ndooni, na kama maji ni nusu anayamwaga mbele yako anakurudisha kisimani. Watu wazima wamelia bandani kwangu kwa ajili ya mzee yule. La pili hayupo. Badala yake zinatokea nyota za dhahabu na tarumbeta, hata kwa kufungua mlango tu. "Anasifiwa kwa kufungua mlango," Kungwi alisema polepole. "Akifika kwa mumewe atataka tarumbeta akichemsha chai."

Halafu kuna kifuniko. Ndoo ya Tamira ina kifuniko, kinafunuliwa wakati wa kujaza tu. Unaweza kukimbia, kuruka, kupigana na mwizi, maji hayamwagiki. Na juu yake unaelea mshale mwekundu unaomwonyesha pa kwenda. Hapo madereva wote walisema gemu limekufa, na nilitegemea Kungwi aseme hivyo hivyo. Hakusema. Alivitetea vyote viwili kwa nguvu iliyonishangaza. "Mtoto anamwaga, mtu mzima anafunika. Na huo mshale, nyie hamuoni, ndio mimi. Ndio kungwi wake. Mnataka aende peke yake apotee?" Nilidhani anatetea gemu.

Sasa nimlete mwenzake. Kungwi hachezi mwali bila ngoma, na ngoma yake haipigwi na mtu mwingine ila mwanamke mmoja wa Nkowe, upande wa Ruangwa. Tangu mimi ni msichana wamefanya kazi hiyo pamoja, mmoja anasema, mwingine anapiga, na wenyewe huitana somo. Mpiga Ngoma ni mtu wa maneno machache. Kiswahili chake ni cha sokoni, kikiisha anamalizia kwa Kimwera, na Kimwera kikiisha anagonga kitu kwa vidole. Kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka huja Nachingwea akafikia kwa Kungwi, wakatayarisha unyago wa likizo.

Mwaka huo binti yangu alikuwa miongoni mwa wali. Ameshinda darasa la saba, amepangiwa sekondari ya bweni mbali sana na kwetu, na Januari angeondoka. Aliniambia wazi, "Mama, siendi bweni na jina la utotoni." Jina lenyewe siliandiki, kuku wangu wanatosha walipo. Lakini alikuwa na haki, ni jina la mtoto anayepewa uji. Na mimi nilikuwa na langu: akishaondoka, akishazoea wenzake wa huko, akirudi atakuwa mkubwa wa kunikatalia. Nilitaka atoke mikononi mwa wale wawili kama nilivyotoka mimi. Nafasi ilikuwa hiyo moja.

Kungwi alimleta mwenzake bandani kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha shamba jipya. Na ukweli ni kwamba uzuri mkubwa wa gemu la pili ni kuwa linachezwa na wawili. Kuna mahali Tamira anakutana na mwanamke mwingine, wanaweka pipa la maji kwenye mti, kila mmoja anabeba upande wake begani. Pipa halina kifuniko. Padi moja mtu huyu, padi nyingine mtu yule, na hatua zisipolingana maji yote chini. Madereva walipashindwa pale, walifikia kutukaniana mama. Nikasema kama kuna watu wawili duniani watakaopaweza, ni hawa.

Hawakupaweza hata kidogo. Kungwi alivuta mbele, mwenzake alikwenda kwa mapigo yake, pipa likayumba, maji yakamwagika. Wakarudia, yakamwagika. Nikaizima hata feni.

"Unakimbia, somo," alisema Mpiga Ngoma.

"Wewe ndiye unachelewa. Kuna saa pale juu, huioni?"

"Naiona saa. Ndiyo hiyo hiyo iliyoingia kwa wali. Zamani tunakaa nao mpaka wanaiva. Sasa hivi likizo fupi, shule inafungua, unawakimbiza. Unawatia nfuniko wasimwagike, unawatia nshale wasipotee. Ntoto anatoka hajabeba kitu."

"Somo, tunaongea gemu."

"Mimi siongei gemu."

Kungwi alisimama. Akasema mbele ya watu wote kwamba mtu asiyeona uzuri wa sehemu ya pili amezeeka, na ngoma yake imezeeka naye. Nilitamani umeme ukatike. Mpiga Ngoma akaiweka padi chini kwa adabu, akaenda kuchukua ngoma yake, akapanda gari la Ruangwa.

Siku zilizofuata akina mama wenye wali walinijia nyumbani kwa makundi. "Gemu lako limeua unyago," waliniambia. Nilimwendea Kungwi nikamsihi atume salamu za kuomba radhi. Akasema radhi ya nini, yeye kaeleza ubora wa gemu. Nikamwambia basi atafute mpiga ngoma mwingine. Akanitazama kama niliyemwambia atafute mkono mwingine wa kulia.

Badala yake akapata akili mpya. Miaka ya nyuma mtu alimrekodi mwenzake kwenye simu, ngoma ile ya kuitia watu, isiyo na siri. Akanitaka nimwazime spika yangu ndogo ya kuchaji. Tulijaribu uani kwake, wali wamekaa kwenye mkeka kwa heshima, mama zao nyuma. Kungwi akainua mkono, nikabonyeza, ngoma ikalia vizuri kabisa. Akaanza kuimba. Alipofika pale mapigo yanapopaswa kupungua ili yeye avute pumzi, spika haikupungua. Akaikimbiza. Ikamwacha. Akaikimbiza tena, jasho linamtoka, na katikati ya hapo ngoma ikakata na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kizungu kwamba inataka chaji. Wali walicheka mpaka wakalala juu ya mkeka. Binti yangu hakucheka. Alisimama akaenda nyumbani, na nilipomfuata nikamkuta anapanga nguo kwenye sanduku la shule, mwezi mzima kabla ya siku yake.

Kungwi alikuja kwangu kesho yake asubuhi, amevaa kanga za safari. "Twende Nkowe," alisema. "Wewe ndiye mwenye gemu, utaeleza kuwa kosa ni la gemu."

Tulipanda gari mpaka Ruangwa mjini, na pale tukachukua bodaboda moja, mshikaki, Kungwi katikati na mimi nyuma nikiwa nimekalia chuma. Dereva alipoelezwa nyumba tunayokwenda aligeuka akacheka.

"Kwa yule bibi wa gemu?"

"Wa ngoma," nilimsahihisha.

"Wa gemu, mama. Kila siku ya soko anakuja mjini, anakaa banda la kule nyuma ya stendi. Kamaliza Sehemu ya Pili yule! Vijana wa machimboni Namungo wote kawanyoosha. Noma sana yule bibi."

Nilihisi mgongo wa Kungwi ukikaza mbele yangu. Nilingoja alipuke. Hakusema neno mpaka Nkowe, na mimi ninayemjua niliogopa zaidi.

Tulimkuta Mpiga Ngoma amekaa uani kwake anabangua korosho, ngoma yake imeegemea ukuta chini ya gunia. Tukapiga hodi, akatukaribisha, akatuletea maji. Wakajuliana hali mpaka mbuzi na majirani wakaisha. Kisha ikabaki kubangua tu.

"Nasikia unacheza sehemu ya pili," alisema Kungwi.

"Nacheza."

"Ulisema mbaya."

"Mbaya. Nfuniko mbaya, nshale mbaya, anasema sana." Akachukua korosho nyingine. "Nilitaka kuona ubaya wake unaishia wapi."

"Na pale kwenye pipa? Ulicheza na nani?"

Mpiga Ngoma akanyoosha mikono yake miwili iliyochafuka mafuta ya maganda. "Padi moja nkono huu, padi moja nkono huu. Mimi npiga ngoma."

Nikajaribu kuiona picha hiyo, bibi mmoja amewabeba wote wawili, kila mkono na mtu wake. Kungwi naye aliiona, kwa sababu aliuliza kwa sauti ndogo, "Ilimwagika?"

"Haikumwagika hata tone."

"Basi hukunihitaji."

"Haikumwagika," alirudia Mpiga Ngoma, "lakini haikunoga."

Kungwi akainamisha kichwa akachezea pindo la kanga. Nilidhani sasa ndipo pangu pa kueleza kosa la gemu, nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono.

"Somo," alisema. "Wali wangu nawakimbiza. Najua. Shule inawadai, nami naogopa nikiwashika sana wataniachia mkeka mtupu. Ndiyo maana nafunika." Ilimtoka kwa shida, maneno yanagongana. Sikuwahi kumsikia akisema naogopa, si mbele ya mbuzi wa kwenye tivi wala mbele ya mtu. Nilitaka kulia na nilitaka kuondoka.

Mwenzake akashika kisu chake tena. Akaendelea kubangua. Kwa kuwa yeye si mtu wa kukaa na kimya, Kungwi akauliza, kama mtu anayebadilisha habari, "Mwisho wake ukoje? Akifika juu anamkuta nani?"

"Mwisho?"

"Ndiyo. Sisi tumekwama kwenye pipa."

Mpiga Ngoma akaweka kisu chini. Akanawa mikono, akaipangusa, akaitazama nyumba yake, akamtazama tena Kungwi. "Mwisho hausemwi uani," alisema. "Ntu hajafika, haambiwi. Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

"Niambie mimi tu, somo."

"Hujachezwa."

Mimi nilishtuka. Neno hilo kuambiwa yeye! Nilimtazama Kungwi nikisubiri kikapu kiruke. Hakikuruka. Kisha alivua viatu vyake, akaviweka pamoja mlangoni, akaingia ndani. Kutoka nje nilimwona anatandika kanga yake moja sakafuni, anakaa, ananyoosha miguu na kuinamisha kichwa, jinsi alivyotukalisha sisi wote. Magoti yalimsumbua, akayashika kwa mikono mpaka yakanyooka.

Mwenzake akaitoa ngoma chini ya gunia, akapita nayo mbele yangu. Nami nikanyanyuka kuwafuata, maana na mimi nilitaka kujua, gemu ni langu.

"Wewe umelimaliza?"

"Bado, Bibi."

"Kaa nje. Rudishia nlango."

Nikarudishia. Nilikaa juani pembeni ya maganda ya korosho, na dereva wa bodaboda akaja akauliza kama anisubiri. Nikamwambia asubiri, tutarudi watatu, atafute na mwenzake. Kisha nikampigia simu binti yangu nikamwambia atoe nguo kwenye sanduku. Akauliza kwa nini, na kabla sijamjibu ngoma ikalia ndani, taratibu, ikasema neno lake la kwanza ikangoja. Miaka yote nijuayo, mwenye kusema ni Kungwi na wenye kuitikia ni wali. Siku ile sauti iliyoitikia, nyembamba, ya chini, inayotafuta pa kukanyaga, ilikuwa ya Kungwi.